Jinsi nilivyonyoosha msimbo (code) wa ruhusa za faili

Wakuu, nipo Kirumba hapa Mwanza, harufu ya dagaa wa Mwaloni mpaka chumbani, wiki nzima napigana na kikerneli changu cha kujifunzia (kerneli ni kiini cha mfumo endeshi). Funksheni ya kukagua ruhusa ilikuwa na "if" 9, moja kwa kila biti (0 au 1) ya ruhusa, na bado inavuja: faili lenye ruhusa 0460 (4 ya mmiliki ni kusoma tu, 6 ya kundi ni kusoma na kuandika, 0 ya wengine ni hakuna kitu) mmiliki anatakiwa asome tu, ila akiwa yumo pia kwenye kundi alikuwa anaandika kama kawa. Kosa langu nilidhani ruhusa zinajumlishwa, kumbe mifumo endeshi ya Unix inachagua fungu moja tu la biti, ukiwa mmiliki inaangalia biti za mmiliki basi, hata kundi likiwa na zaidi hayakuhusu (na mi nilishaanza kulaumu kompaila).

Nikafuta zote. Sasa nachukua modi (namba ya ruhusa kama hiyo 0460), kwa mmiliki naisogeza kulia biti 6, mwanakundi 3, wengine naiacha hivyo hivyo, halafu nafanya AND (inabakiza biti zilizo 1 pande zote mbili) na kilichoombwa, yaani kusoma 4, kuandika 2, kutekeleza 1, ikitoka sawa na kilichoombwa pita, isipotoka rudisha EACCES (kosa la kunyimwa ruhusa). Root (msimamizi mkuu wa mfumo) ana mlango wake juu, hapiti kwenye ukaguzi huu, ila kutekeleza faili lazima kuwe na walau x (biti ya kutekeleza) moja.

Nikajaribu tena ile 0460. Ikagoma kuandika, safi kabisa, nikashuka kutafuta chai.