Barua ya Kiev, 1986

Barua iliyonipa nafasi ya kwenda kusoma udaktari katika Umoja wa Kisovieti ilifika Tanga mwezi Julai 1986, muda mfupi baada ya mimi kumaliza mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa. Ilieleza kwamba ningeanza na mwaka mmoja wa kujifunza Kirusi mjini Kiev, kisha ningefuata masomo ya udaktari kwa miaka sita katika mji ambao ungetajwa baadaye. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kupata nafasi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusomea ualimu wa sayansi, na kwa kuwa serikali ndiyo iliyokuwa ikisomesha vijana wa Mlimani, hakuna upande ambao ungemtoa baba senti yake. Nataja hilo mapema ili ieleweke kwamba uamuzi wetu haukuwa wa fedha za ada. Nilitaka udaktari tangu nikiwa kidato cha pili, na barua ile ilikuwa njia pekee iliyofunguka. Lakini mimi ni kifungua mimba katika nyumba ya watoto sita, na mtoto wa namna hiyo hajiamulii safari ya miaka saba peke yake.

Jina la Kiev lilikuwa limeingia nyumbani kwetu Ngamiani kabla ya barua. Baba alifanya kazi kwenye matishari, kwa kuwa wakati huo katika bandari ya Tanga meli zilitia nanga mbali na gati na mizigo ilibebwa kwa matishari hayo, na kila jioni akirudi alikaa barazani na redio yake ya National, akihama kutoka Redio Moscow kwenda Sauti ya Ujerumani, kisha BBC, zote kwa Kiswahili. Tangu mwisho wa Aprili alikuwa akifuatilia habari za Chernobyl. Kinu cha nne cha mtambo ule wa nyuklia kililipuka usiku wa kuamkia tarehe 26, lakini Wasovieti walitoa tangazo jioni ya tarehe 28, baada ya vipimo vya Sweden kunasa mionzi hewani. Kilichomsumbua baba zaidi kilikuwa kule kunyamaza kwa siku mbili. Alisema moto hutokea popote, hata bandarini tumeuona, ila mwenye nyumba akikuficha kwamba nyumba inaungua, utalalaje kwake?

Alipomaliza kusoma ile barua, na aliisoma polepole huku kidole kikifuata mstari, aliniuliza Kiev iko umbali gani kutoka pale palipoungua. Sikujua. Nikaenda kuazima atlasi kwa mwalimu mmoja jirani yetu wa Barabara ya Kumi na Mbili. Mama alikata kipande cha uzi mweusi kwenye cherehani yake, baba akaushika ncha moja juu ya Kiev, nami nikaunyoosha kufuata mto Dnieper kwenda kaskazini, nikikadiria mahali penyewe kwa kuwa Chernobyl haikuandikwa kwenye ramani ile. Tukauhamishia uzi kwenye kipimo kilichochapwa chini ya ukurasa. Zilitoka kilomita 100 hivi. Baba akanyamaza, akafanya hesabu anayoijua yeye, akasema, "Ni kama hapa na Korogwe, na kidogo mbele." Safari ya Korogwe aliijua vizuri kwa treni, na naamini kuanzia hapo jambo lile lilikuwa na ukubwa unaoweza kupimwa, tofauti na hofu ya redioni ambayo haikuwa na mpaka.

Siku iliyofuata alinichukua tukaenda kumwona daktari mmoja wa hospitali ya Bombo ambaye mwenyewe alisoma Urusi. Nilimwamkia shikamoo, akatukaribisha ofisini, akatusikiliza bila kutukata. Hakutubembeleza wala hakututisha. Alimweleza baba kwamba mionzi iliyotoka pale si kitu cha aina moja: iodini yake hupungua nusu kila baada ya siku 8, kwa hiyo kufikia Septemba itakuwa imekwisha kabisa kwa kadiri inayomhusu binadamu, lakini ile inayoitwa sesiamu huchukua miaka 30 kupungua nusu, na hiyo hukaa ardhini, ikaingia kwenye maziwa na uyoga. Akaniambia nikifika nijihadhari na vitu hivyo viwili kuliko kuhofia hewa. Kisha baba alimuuliza swali ambalo mimi sikulitarajia, kwamba katika miaka yake yote kule alirudi nyumbani mara ngapi. Daktari akajibu kwamba hakurudi hata mara moja, na kwamba babake mzazi alifariki akiwa mwaka wa nne, na habari zilimfikia kwa barua baada ya arobaini.

Tulirudi kwa miguu kutoka Bombo, na baba hakusema neno mpaka tulipovuka reli.

Kikao kilifanyika Jumapili. Shangazi alitoka Muheza, na mjomba, kaka yake mama, alikuja kutoka Duga. Mjomba alihofia sala na chakula, maana kijana wa miaka ishirini kuwekwa miaka saba katika nchi ambayo serikali yake haitaki habari za dini si jambo dogo kwa watu wetu, na sikuona kwamba ana haki ya kupuuzwa. Shangazi alisema wazi kwamba wengi waliokwenda huko walirudi na wake wa Kirusi, na wengine hawakurudi. Hata hivyo, yote hayo yalikuwa na majibu, au angalau ahadi. Hoja iliyokuwa haina jibu aliitoa mama, kwa sauti ya chini, akiwa bado amejifunika kanga yake kichwani: kazi ya matishari imepungua, baba anazidi kuchoka, na wadogo wanne wako shule ya msingi. Je, mkubwa akiondoka, nani atakuwa mkubwa?

Alisema kweli. Tanga niliyoikuta utotoni ilikuwa mji wa katani. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge, na robota zake ndizo zilizojaza matishari. Kufikia 1986 mashamba mengi yalikuwa yamegeuka pori, uzalishaji umebaki sehemu ndogo tu ya ule, na baba alikuwa akirudi nyumbani saa nane mchana siku nyingi kwa kukosa meli. Kama ningesoma ualimu Dar es Salaam ningerudi kila likizo kwa treni, na baada ya miaka michache ningekuwa na mshahara. Ukubwa ni jaa, alisema shangazi, naye hakusema kwa kunilaumu.

Ndipo aliposimama mdogo wangu niliyemwachia ziwa, ambaye alikuwa amemaliza kidato cha nne na kuchaguliwa kwenda chuo cha ufundi Dar es Salaam. Aliomba ruhusa ya kusema mbele ya wazee, akapewa. Alisema, "Kaka aende. Mimi nitabaki hapa." Alieleza kwamba mafunzo ya umeme yanapatikana hapo hapo Tanga, ingawa ni ya daraja la chini kuliko ya chuo kile, na kwamba jioni anaweza kuchukua vibarua. Nilimpinga papo hapo. Nilimwambia kwamba sitaki kusomea udaktari kwa nafasi yake, na tulibishana mbele ya watu wazima kwa namna ambayo siku nyingine ingetuletea karipio. Baba alituacha tubishane. Kisha akamuuliza mdogo wangu kama anajua kwamba miaka saba ikipita, hakuna mtu atakayemrudishia. Akajibu, "Naam baba, najua."

Watu wakisimulia habari za msomi aliyetoka kwao husema alipata nafasi akaenda, kana kwamba uamuzi ni wa aliyepanda ndege. Kwetu uamuzi ulikuwa wa watu wawili, na uliokuwa mzito zaidi ulikuwa wa yule aliyebaki. Mimi nilikuwa nachagua kati ya mema mawili. Yeye alikuwa akitoa moja aliyokuwa nayo mkononi. Mionzi ya Chernobyl, iliyotuchukulia jioni nyingi, haikutajwa tena kikaoni baada ya yeye kuketi. Mjomba alisoma dua, tukala, na shangazi akawahi basi la Muheza.

Usiku ule nilijaza fomu kwa taa ya chemli, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika. Mama alishika chemli, baba akasoma kila mstari nilioandika. Nilipofika mahali panapotakiwa jina la mtu wa kujulishwa likitokea lolote, nilianza kuandika la baba, kama nilivyofanya kwenye fomu zote za shule tangu darasa la kwanza. Akanizuia. Alisema niandike la mdogo wangu, kwa sababu yeye ndiye atakayekuwepo miaka yote saba, na anuani iwe sanduku la posta la jirani yetu mwalimu ili barua zisipotee. Nikaandika hivyo, nikatia saini. Asubuhi tulikwenda wote watatu posta kuu kuituma kwa rejista, na stakabadhi akaikunja mdogo wangu, akaitia mfuko wa shati lake.