Baiskeli ya milimani ya gia moja: jinsi nilivyozuia mnyororo kuruka

Hewa ya chumvi ya Tanga hula waya na springi za kubadilishia gia, ndiyo maana gia moja inafaa hapa. Tatizo lilikuwa hili: kila ukisimama kwenye pedeli, mnyororo unaruka.

Kulegea kwa mnyororo ilikuwa nusu tu ya sababu. Meno ya kaseti ya kawaida, yaani lile rundo la gia za gurudumu la nyuma, hukatwa mafupi makusudi ili mnyororo uhame kirahisi. Ukibakiza sproketi (gurudumu la meno) moja ya kaseti hiyo, inautema. Nilifunga sproketi ya meno 16, marefu na yaliyonyooka, pembeni nikajaza spesa (pete za kutenganisha gia) za kaseti ya zamani. Zihamishe moja moja mpaka mnyororo, ukiutazama kwa nyuma, unyooke na meno ya mbele. Kupishana milimita moja si neno, tatu zitakusumbua.

Fremu yenye matundu ya ekseli ya wima hairuhusu kuvuta gurudumu nyuma, hivyo inahitaji kikaza mnyororo. Chagua kinachosukuma juu: mnyororo hukumbatia meno mengi zaidi. Kinachosukuma chini huyapunguza.

Mnyororo wenyewe upime, pini hadi pini, nafasi 24. Mpya ni milimita 304.8, ukifika 307, tupa.

Kwa tairi za inchi 26, meno 32 mbele na 16 nyuma yanatosha kabisa Raskazone na mjini. Kupanda Amani weka 20 nyuma, ila ukirudi tambarare miguu itazunguka kama cherehani. Hasara hiyo haina dawa.