Kumbe chuma nacho kina wadudu wake
Leo tumekata kipande cha bomba la mafuta lililovuja. Nje rangi safi, ungedhani limefungwa jana. Ndani, upande wa chini maji yanakotuama, kuna utando mweusi unaoteleza kama kamasi, unanuka mayai viza. (Kipima gesi kilikuwa kifuani, harufu hiyo haina mchezo.) Nikakwangua kwa kisu: vishimo vya duara, kimoja kimetoboka hadi nje.

Ni bakteria wasiohitaji oksijeni. Hutumia salfeti ya kwenye maji na kutoa haidrojeni salfaidi, gesi ya sumu yenye ile harufu ya mayai viza, ambayo ikikutana na chuma huacha ule weusi. Dawa ya kuwaua tulikuwa tunapiga, ila haipenyi vizuri utando usipokwanguliwa kwanza. Na mimi miaka yote nalaumu chumvi!