Likizo ndefu, mbuzi wa Newala na hii ndoto ya risechi za Marekani

Kila mwaka ukielekea mwisho wadogo zangu wa BVM, shahada ya udaktari wa mifugo, pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wanaanza kunitafuta, "kaka, zile risechi za kiangazi za Marekani mtu anazipataje, au mpaka uwe na konekisheni?" Hapana, konekisheni haihitajiki. Nimechoka kujibu mmoja mmoja basi nayamwaga yote hapa.

Kwanza zipo kweli, si stori za vijiweni. Wenzetu Marekani wakifunga vyuo, Juni mpaka Agosti hivi, mwanafunzi wa udaktari wa mifugo anaweza kuingia maabara ya profesa akafanya utafiti wake mdogo huku analipwa posho. Ile kubwa inayosikika sana inadhaminiwa na Boehringer Ingelheim, imeanza 1989, na kiangazi kikiisha wanakusanyika kwenye kongamano la kitaifa kila mtu aeleze alichopata. Ila ile kwa sehemu kubwa inabeba wanafunzi wa vyuo vyao wenyewe, usijipe presha nayo. Ya kwenu nyie ni ile ya Cornell, Leadership Program for Veterinary Students, ipo tangu 1990, inachukua wiki 10 na wanapokea wanafunzi kutoka nchi nyingi tu. Ombeni. Tatizo la kwanza ni ratiba, wao wanaanza Juni na wewe mara nyingi Juni bado uko darasani au unasubiri UE, mitihani ya mwisho wa muhula, kwa hiyo ongea na chuo mapema kabla hujajaza chochote.

Tatizo la pili ndo kubwa na ndo limenifanya niandike. Wale jamaa wanataka uwaambie ni swali gani linakusumbua. Sasa nimesoma barua za maombi za watu wengi, naombwa nizipitie, na karibu zote zinasema nimependa wanyama tangu utotoni. Sawa, nani kasema unawachukia? Swali liko wapi?

Na mtu huyo huyo utakuta kwao Tandahimba, huku Mtwara! Jamani. Huku kusini maswali yamelala barabarani. Chukua sotoka ya mbuzi na kondoo, PPR. Tanzania ilithibitishwa 2008 huko kaskazini, Ngorongoro, na mwaka uliofuata tu ikawa imeshafika Newala, jirani na Tandahimba. Ilirukaje nchi nzima hivyo? Ililetwa na mbuzi walionunuliwa mnada wa Pugu, Dar, wakapakiwa kwenye gari wakashushwa kijijini wakachanganywa na mbuzi wa hapo, baada ya hapo ni makamasi, vidonda mdomoni, kuhara, na mbuzi wanakufa mmoja baada ya mwingine, ikasambaa mpaka Tandahimba. Waliokuja kufuatilia hayo walikuwa watu wa SUA, yaani walimu wenu hao hao. Dunia imejiwekea 2030 iwe imeufuta huu ugonjwa kama sotoka ya ng'ombe ilivyotangazwa kufutika 2011, na mbuzi wanaendelea kupanda magari, hasa msimu wa jando ukifika na kila nyumba inatafuta mnyama wa kuchinja. Nani amekaa akaandika wanatoka wapi? Hilo ni swali. Halihitaji hata maabara, ni daftari na bodaboda.

Au Ruangwa, mkoa wa Lindi, Julai 2022, watu wanaumwa homa, wanatoka damu puani, watatu wakafa, nchi nzima roho juu, ikaja kuonekana ni homa ya mgunda, inayoletwa na bakteria leptospira wanaokaa kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine. Hapo daktari wa mifugo ana kazi kuliko hata daktari wa binadamu. Sijazungumzia Kilwa na Lindi vijijini ambako ng'ombe wengi walikuja baada ya wafugaji kuondolewa bonde la Usangu, Mbeya, kuanzia 2006, wilaya ambazo zamani mbung'o walifanya watu wasifuge ng'ombe wengi.

Niwape picha ya kazi yenyewe maana wengi mnadhani risechi ni koti jeupe. Newala, nilienda kusaidia kutoa damu mbuzi. Mmoja anambana mbuzi katikati ya miguu, anamgeuza kichwa pembeni, wewe unakandamiza dole gumba shingoni mpaka mshipa uvimbe, unaingiza sindano, chupa ya kifuniko chekundu inajaa. Unailaza damu igande, unamimina ule umaji wa juu kwenye kichupa, unaandika namba. Andika na kwenye karatasi pia, kwa sababu maji ya barafu yanafuta wino, na barafu lenyewe tulikuwa tunanunua kwa muuza juisi stendi. Tukafika kwa bibi mmoja, shikamoo bibi, marahaba wajukuu zangu, kisha akaturushia swali, "mbuzi wangu mzima huyu, damu hiyo mnaenda kumwongezea nani?" Tulicheka ila ilibidi tukae chini tumweleze vizuri mpaka akubali, na ana haki.

Halafu kuna hili, kipimo cha ELISA, kile cha maabara tunachopimia hiyo damu, kinakuonyesha kinga tu, hakikuambii mbuzi aliugua au alichanjwa. Ndo maana unafungua mdomo unaangalia meno ujue umri, unauliza chanjo ilipita lini, na vitoto vya chini ya miezi sita unaviacha kwa sababu vinaweza kuwa na kinga ya mama. Mtu akiandika haya kwenye maombi yake, profesa wa popote anajua huyu amegusa kazi.

Utaanzaje? Tafuta mhadhiri mwenye mradi unaoendelea, muombe likizo ubebe hata kipande kidogo, barua ya chuo itakufikisha kwa mkurugenzi wa halmashauri, daktari wa mifugo wa wilaya, mpaka mtendaji wa kijiji. Usiruke ngazi, utarudishwa. Wakala wa maabara ya veterinari, TVLA, wana kituo hapa Mtwara, pita uwasalimie kabla hujaanza kukusanya sampuli usizojua utazipima wapi. Hela ya fildi, ya mafunzo ya vitendo, usiitegemee, ikichelewa utalala njaa, panga kwa ndugu.

Mimi Julai nitakuwa nazunguka Masasi na Nanyumbu na chanjo za kuku, kideri. Nina nafasi ya watu wawili, kulala kwangu, chakula tunachanga, na wawe na swali tayari. Wa "napenda wanyama" wasinitafute.