Kosa la foleni za keneli ya Linux, tafadhali msilipuuze

Wadau wa seva wa Mbeya na Iringa, hii CVE-2022-47929 (namba ya kosa hili la usalama kwenye keneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux) bado naipigia kelele kwa sababu ukikaa na mafundi wa mitandao huku kwetu, ukaomba mtu aandike uname -r (amri ya kuonyesha toleo la keneli), unakuta keneli ya enzi hizo na anakwambia inapiga kazi fresh, ya nini kuigusa.

Kosa lenyewe liko kwenye ile sehemu ya keneli inayopanga pakiti (vipande vya data vinavyopita kwenye mtandao), hii tunayoiamrisha kwa amri ya tc tukitaka kugawa spidi, ofisi wapate kiasi hiki, wateja wa wifi kiasi kile, kila kundi na klasi yake na foleni yake. Sasa kuna aina moja inaitwa noqueue, hiyo haina foleni kabisa, ndo maana pointa (anwani inayoiambia keneli iende wapi) ya funksheni ya kupokea pakiti imeachwa tupu, yaani nul, sifuri. Ikikaa juu kabisa, mfano kwenye loopback (mtandao wa ndani wa mashine yenyewe), haina noma, keneli inaangalia kwanza, ikikuta patupu inarusha pakiti moja kwa moja. Lakini mtu akiipachika ndani ya klasi, foleni mama haiangalii chochote, inaita tu, keneli inarukia anwani sifuri na mashine inakufa.

Na haihitaji ruti (root, yule msimamizi mwenye mamlaka yote)! Mtumiaji wa kawaida akiruhusiwa kufungua user namespace (eneo lililotengwa ambamo anahesabika kama msimamizi), humo ndani anapata mamlaka ya mtandao na tc inamtii. Fikiria chuo chenye seva moja na wanafunzi kibao wana akaunti.

Najua wapo wanaosema si inazima tu, haimpi mtu ruti. Ni kweli, mmap_min_addr (mpangilio wa keneli unaozuia programu kutumia anwani za chini kabisa za memori) inazuia ile mbinu ya zamani ya kupanda kodi ya programu pale anwani sifuri. Ila huku kwetu boksi moja ndo linagawa neti, ndo lina hesabu za duka, likizima mchana pale Mwanjelwa biashara imesimama, sasa hiyo "tu" iko wapi?

Dawa ilitoka Januari 2023 kwenye 6.1.6, keneli inakataa noqueue ndani ya klasi, na distro kubwa (matoleo ya Linux kama Ubuntu na Debian) ziliirudisha kwenye matoleo yao ya nyuma. Ukishaapdeti lazima uribuuti, bila hivyo bado unaendesha ile ile ya zamani. Kama leo haiwezekani, weka user.max_user_namespaces=0 kwa sysctl (amri ya kubadili mipangilio ya keneli), hapo hakuna anayefungua user namespace, ila kontena (programu zinazoendeshwa kwenye vyumba vyao) zisizotumia ruti zitagoma, kwa hiyo waambie wenzako kwanza.