Nanga ya watu ilivyonipeleka kwenye chemba ya oksijeni

Mimi si mgeni baharini. Nimezaliwa Shela ya Malindi, na mwaka wa kumi na moja huu nawateremsha watalii kwenye matumbawe ya Watamu nikiwaimbia wimbo uleule: panda polepole, simama mita 5 kwa dakika 3, usizame mara nyingi siku moja. Sasa someni alichofanya mwalimu.

Mwenye boti mmoja alikatikiwa na nanga nje ya mwamba, mita 32. Akaniahidi elfu ishirini nikimtolea. Mvua zilikuwa zimeanza bara na mto Sabaki ulishatapika tope lake, kwa hiyo kule chini hata kiganja changu sikukiona. Mara ya kwanza nilitoka mikono mitupu. Mara ya pili nilifunga kamba kwa ufundi wote, nikapanda nikijisifu, wanaume watatu wakavuta mpaka boti ikalala upande. Kumbe nimefunga jiwe. Mara ya tatu niliipapasa nanga yenyewe lakini kamba haikufika. Ya nne nikaifunga, mtungi wa hewa ukawa unakoroma, nikachomoka juu kama kifuu kilichoachiwa. Kusimama mita 5? Nisimame na hewa gani?

Nikalipwa nusu, nikaenda nyumbani.

Alasiri bega likaanza kuchoma kwa ndani. Magharibi nikakanyaga mkeka nisiuhisi. Na mimi, mwenye cheti ukutani, nikasema ni misuli, nimebeba chuma. Kwenye zahanati nikapigwa sindano ya mgongo, nikaambiwa nipumzike. Mjomba wangu, nahodha wa miaka mingi, akaja na lake: “Rudi majini, baba. Bahari iliyokuuma ndiyo itakayokupoza.” Jirani akafukiza udi kwa sababu eti mtu wa baharini kanipenda. Shangazi ndiye aliyenifaa, au ndivyo nilivyodhani. Alipasha mafuta ya nazi na karafuu akanikanda kuanzia kisogoni mpaka visiginoni, nikalala ninanukia kama samaki wa kupaka.

Alfajiri nikaenda chooni, haja ndogo ikakataa kutoka. Hapo ndipo akili ilinirudia. Nikampigia mkubwa wangu wa kazi. Aliuliza matatu tu: nimezama mara ngapi, nimefika wapi, nimepanda vipi. Nikajibu. Akanyamaza kidogo, kisha: “Mjinga wewe. Lala chali, kunywa maji, naja na oksijeni.”

Kwa wasiojua: mita 32 chini, presha ni zaidi ya mara nne ya hii ya juu, na naitrojeni ya hewa unayovuta inayeyuka mwilini. Ukipanda taratibu inatoka kwa pumzi. Ukipanda kama mimi, ni chupa ya soda iliyotikiswa ikafunguliwa, na viputo vinakaa kwenye viungo, vingine kwenye uti wa mgongo. Kurudi majini ukiwa na miguu iliyokufa ganzi ni kutafuta kifo, samahani mjomba. Dawa ni kurudishwa kwenye presha ukiwa nchi kavu, ndani ya chemba, yaani chumba kinachofungwa kikajazwa presha, huku unavuta oksijeni tupu: viputo vinasinyaa, naitrojeni inafukuzwa, na sehemu iliyokosa hewa inaipata.

Kuna aliyetaka nipelekwe Nairobi kwa ndege, kwa nia njema kabisa. Ndege inapunguza presha, halafu Nairobi yenyewe iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Viputo vingeshangilia. Tulishika barabara ya Mombasa, kilomita kama 120, mimi nimelala kiti cha nyuma na barakoa usoni. Mtungi ulituishia Mtwapa.

Sasa kituko. Mhudumu wa chemba alinisogelea, akanusa, akarudi nyuma. “Nani kakupaka hivi?”

“Shangazi.”

“Huku ndani mafuta na oksijeni haviwekwi pamoja. Moto ukishika hatuna pa kukimbilia.”

Nikasuguliwa kwa sabuni mara tatu, kisogo, makwapa, katikati ya vidole vya miguu, kama sufuria ya biriani. Simu, saa, hata hirizi niliyofungwa usiku, vyote vikabaki kwa dereva. Nikavishwa nguo ya pamba.

Presha ilipoanza kupanda ndani kukawa na joto la jiko, na masikio yakaziba. Nikaambiwa nimeze mate. Mate gani, kinywa kikavu kwa hofu? Nikawaza embe bichi lililokatwakatwa, chumvi na pilipili juu yake, linauzwa kwenye karatasi nje ya shule. Mate yakajaa, nikameza, masikio yakafunguka pwa! Mbinu hiyo nawafundisha watalii siku hizi, ila wao nawaambia wawaze ndimu. Chupa ya maji ya mhudumu, iliyokuwa nusu, ikajikunja yenyewe mbele yangu kama imekanyagwa.

Tulifika presha sawa na ya mita 18 chini ya maji. Unavuta oksijeni dakika 20, unavua barakoa dakika 5, tena na tena, kwa sababu oksijeni ikizidi mfululizo kwenye presha ile inaweza kukuangusha kifafa. Kisha mita 9, vipindi virefu zaidi. Karibu saa tano nzima. Bega lilitulia mapema. Kuelekea mwisho nikaomba chupa ya haja ndogo, na nilipoijaza mhudumu akapiga makofi.

Nilirudishwa mara mbili zaidi. Kidole gumba cha kushoto bado kina ganzi. Gharama sikupiga hesabu vizuri: ilipita laki, majirani walichanga, na mkufu wa mke wangu hatuuzungumzii.

Tangu hapo naulizwa kama chemba inatibu pumu, uzee, mtoto asiyesema. Mimi najua viputo. Madaktari wanaitumia pia kwa sumu ya moshi wa jenereta na makaa, kwa baadhi ya vidonda vya kisukari visivyofunga, na kwa mifupa iliyoharibiwa na mionzi. Hayo mengine waulizeni wenye kuyauza.

Yule mwenye boti nimemwona juzi gatini, nanga yake imepakwa rangi mpya. Elfu kumi yangu anasema nimngoje msimu ufunguke.