Kumbukumbu ya mradi wangu: triga iliyopoteza hatua ya pili

Raifo hii ni ya shabaha ya mita 50, risasi ya milimita 5.6, na niliinunua ikiwa imeshatumika. Triga yake ina hatua mbili: kidole huvuta kwa wepesi mpaka kigote, kisha nguvu kidogo tu huifyatua. Hivi karibuni mgoto ule ulianza kupotea. Mara upo, mara kidole kinapita moja kwa moja na pini inayopiga risasi inaruka kabla sijawa tayari. Triga isiyotabirika ni hatari, basi raifo nikaiondoa mazoezini papo hapo.

Kishawishi cha kwanza huwa ni kukimbilia skurubu za kurekebisha triga. Nilizitazama tu. Rangi iliyozifunga haikuwa imepasuka, maana yake hakuna iliyosogea. Mipangilio ikiwa ileile na tabia imebadilika, nashuku uchafu kabla ya kitu kingine chochote.

Nilihakikisha chemba, pale risasi inapokaa, ni tupu kwa jicho na kwa kidole, risasi zikiwa chumba kingine, nikatoa bolti, yaani komeo linalofunga chemba, na kufungua kitako. Chini ya kioo cha kukuzia, jino linaloishikilia pini lilikuwa na utando wa kahawia unaonata. Risasi za aina hii hupakwa nta au grisi. Masalia yake na ya baruti hushuka kwenye triga, na mtutu ukisafishwa huku mdomo umeelekezwa juu, dawa nayo huteremka na kuyagandisha pamoja. Springi ya kulirudisha jino ni dhaifu kwa makusudi, ndiyo siri ya wepesi wa triga. Utando mwembamba tu unaishinda: jino linarudi nusu, na mgoto unatoweka.

Nimesafisha kwa petroli nyepesi ya viberiti, dirisha wazi na moto mbali: kudondosha, kuchezesha triga, kupuliza hewa, kurudia mpaka kimiminika kitoke cheupe. Jino sikulipaka mafuta. Tupa wala msasa havikaribii hapo kamwe, kwani ugumu wa chuma chake mara nyingi uko kwenye ganda la juu tu.

Majaribio, bila risasi: kufunga bolti kwa nguvu, kugonga kitako kwa nyundo ya mpira, kuvuta triga kifungio cha usalama kikiwa kimefungwa kisha kukifungua. Pini haikuanguka hata mara moja. Mgoto umerudi, mkali na safi, na vipimo vya mizani ya springi vinakaribiana.

Uzito wa kuvuta triga nimeuacha ulivyo. Kanuni za ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo wa kulenga shabaha, haziweki kima cha chini kwa raifo ya mita 50, tofauti na raifo ya kawaida ya mita 300 inayodai gramu 1,500, na uhuru huo huwavuta wengi kulegeza kupita kiasi.

Limebaki jambo moja. Nikikaza skurubu za kitako, mgoto unabadilika kidogo sana. Nashuku kasha la triga linagusa mbao. Nitapitisha ukanda wa karatasi pembeni yake nione unakwama wapi.